Maji ya Kupuliza

Wajukuu zangu wakikaa mbele ya televisheni jioni, mimi huambiwa ninyamaze. Wanafuata tamthilia kwa bidii ambayo sijaiona kwenye masomo yao. Juzi mwanamume mmoja wa humo, aliyemtesa mkewe wiki nzima kwa ajili ya mwanamke wa nje, alirudi nyumbani mvua inamnyeshea, akapiga magoti kwenye matope, akalia. Mkewe akamwinua. Wajukuu wakapiga makofi, na mkubwa wao akajifuta macho kwa pindo la kanga. Mdogo, ambaye ana mdomo kama wangu, akanigeukia akauliza kama yule bwana alistahili kusamehewa.

Nikamwambia sijui, maana sijasikia akisema alichofanya.

"Si amelia, Bibi?"

Nikamjibu kuwa hata kitunguu kinamliza mtu. Walicheka sana, nami nikawaacha wacheke. Hawakujua habari za vitunguu nilizitoa wapi.

Sisi tulianza na redio. Miaka ya sabini pale Mlandege, Iringa, redio haikuwa kitu cha kila nyumba, na yetu aliinunua mume wangu. Alikuwa dereva wa lori la mbao. Alipakia Mafinga, akateremka mlima wa Kitonga, akaenda mpaka pwani, na safari moja akarudi na redio kubwa ya betri akiwa ameifunga ndani ya blanketi. Niliifumia kitambaa cha kijani cha kuifunika. Wakati ule nilikuwa nafuma masweta ya kuuza, maana Iringa ina baridi ya kumpa mfumaji chakula, kwa hiyo uzi haukunishinda. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya kibanda cha kuku, zikapata nguvu ya kufika mwisho wa mchezo.

Mchezo wa redio ulikuwa mara moja kwa wiki, jioni, na wanawake wa jirani walikuja kwangu na mahindi yao ya kupukuchua. Tulikaa kwenye mkeka, magunzi yakirundikana katikati, watoto wakifukuzwa nje. Jirani yangu tuliyepakana naye ukuta, Mhehe aliyekuwa na ulimi wa kunyolea ndevu, ndiye aliyekuwa hakimu mkuu. Mimi nilikuwa mpinzani wake. Kwenye mchezo mmoja kulikuwa na karani wa mjini aliyemwacha mkewe akahamia kwa msichana wa ofisini. Tulimfuata karani yule miezi mingi tukimlaani. Siku aliporudi, redio ilipiga kinanda, karani akasema, "Mke wangu, nimerudi," na mke akamjibu, "Inuka, baba watoto, yamekwisha." Kinanda kikapanda. Baadhi ya wenzangu walilia juu ya mahindi.

Jirani yangu akasema mwanamke yule amejiuza rahisi kama mchicha wa jioni, alipaswa kumlaza mlangoni kwanza. Mimi nikasema kumlaza mlangoni ni kazi bure. Kwani amesema nini? Amesema amerudi. Hata ng'ombe hurudi. Wakaniuliza nilitaka aseme nini, nikawaeleza mambo ya kwetu.

Kwetu ni milimani upande wa Tukuyu, mkoa wa Mbeya, kwenye migomba na mvua isiyojua kupumzika. Nilipokuwa mdogo baba yangu na kaka yake walikosana wakawa hawasalimiani, na mtoto wa baba mkubwa akashikwa na homa, ikasemwa ni ya ugomvi ule. Bibi yangu aliwaita wote wawili uani kwake, akaweka maji kwenye kibuyu kati yao. Kila mmoja alitakiwa kutoa yaliyomo moyoni, mbele ya mwenzake, kwa maneno yake, hata yakiwa machafu. Baba alisema alitamani nyumba ya kaka yake iungue. Nilisikia kwa masikio yangu, nikaogopa. Kaka yake akasema alichosema. Walipokwisha, kila mmoja alichota maji kinywani, akayapuliza chini. Fuu, yakaruka kama mvua ndogo, na hasira ikatoka nayo. Kama mtu ameficha jambo, maji yale si kitu, mtarudia tena. Wachungaji walikuwa hawapendi, lakini nimewaona wazee wa kanisa wakipuliza maji Jumamosi na kugawa vitabu vya nyimbo Jumapili.

Wenzangu walinisikiliza kwa adabu. Jirani yangu akasema mambo ya Wanyakyusa yana maneno mengi mno, afadhali ya Wahehe, mtu anapigwa faini na watu wanakunywa. Tukacheka, tukazima redio kuokoa betri.

Mume wangu alikuwa mtu wa Mafinga. Nilimwambia habari za maji wakati tunachumbiana, akacheka, akasema kwao mtu akifanya kosa huenda kukata kuni. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu watu husubiri nimwite shetani, na sikuwahi kuishi na shetani. Niliishi na mtu mpole, mcheshi, aliyebeba watoto mabegani, ambaye kila akirudi safari alileta vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, vikubwa, vyekundu, vimesukwa kwa majani yake. Nilivitundika jikoni nikajiona mke anayekumbukwa.

Ruaha Mbuyuni ni bondeni, ukishamaliza kushuka Kitonga. Baridi yote ya Iringa unaiacha juu, na huko chini jua linakaanga. Siku moja nilipanda basi kwenda msiba Morogoro. Basi likasimama pale, wauza vitunguu na nyanya wakakimbilia madirishani. Katikati yao alisimama mtoto wa kama miaka mitatu ameshikilia gauni la mama yake, na katika joto lile amevaa sweta la sufu.

Lilikuwa sweta langu. Nililifuma kwa ajili ya mtoto wa wifi yangu Mafinga, bluu na mistari myeupe, na begani nilikosea mafundo nikayaacha kwa uvivu. Nilimpa mume wangu alipeleke. Kosa langu lilikuwa pale pale begani, na juu ya sweta kulikuwa na paji la uso ambalo nililijua, kwa sababu watoto wangu wote wanalo. Mama yake aliniinulia fungu la vitunguu akasema, "Chukua dada, ni vya leo." Alikuwa na uso mzuri, wa mtu mchovu. Alikuwa hanijui. Nilitikisa kichwa, basi likaondoka, nikafika msibani nikalia kuliko wenye maiti. Watu walinisifu kwa upendo.

Mume wangu aliporudi nilimwuliza sweta liko wapi. Akasema alilipeleka. Nikamwambia nimeliona. Akatazama viatu vyake, kisha akatoka kwenda kuangalia tairi. Tairi halikuwa na kitu. Jioni hiyo alikula, akauliza habari za shule za watoto, akalala. Kesho yake na keshokutwa ikawa hivyo hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, ningepigana nao. Kwa kimya sikuwa nimejiandaa.

Mimi nilitaka jambo moja tu, na nalisema wazi kwa sababu baadaye kila mtu alidai hajui nilichotaka. Sikutaka aniangukie, sikutaka kitenge, sikutaka mtoto yule avuliwe sweta. Nilitaka aniambie kwa kinywa chake: nina mwanamke Ruaha Mbuyuni, nimezaa naye, nilikudanganya tangu mwaka fulani. Angesema hivyo, na mimi ningesema yangu, ambayo hayakuwa mazuri, maana kuna siku nilimwombea breki zikatike Kitonga. Halafu ningesamehe. Nilikuwa na msamaha tayari, nimeuweka kama mgeni anavyowekewa chakula.

Habari zilienea bila mimi kufungua mdomo. Barabara ile ina madereva wengi na madereva wana wake. Wazee wa kanisa wakamwita, akafungiwa Meza ya Bwana. Jumapili wengine waliposogea mbele kupokea, yeye alibaki kwenye benchi la nyuma na watoto wadogo na walevi, anatazama kofia yake. Nilidhani aibu itamfungua. Ilimfunga zaidi.

Ikapita kama mwaka na nusu. Binti yetu mkubwa akafikia kipaimara, na alitaka baba yake asogee naye mbele siku hiyo. Alimwuliza mbele yangu kama atakaa nyuma na walevi. Hilo lilimchoma kuliko wazee wote. Wiki ile ile alikwenda kuomba kurudi kundini.

Utaratibu wa kurudi kundini ulikuwa hivi: mkosaji husimama mbele ya usharika, mchungaji humwuliza maswali, na kama kosa ni la ndoa, aliyekosewa naye huitwa asimame aseme kama amesamehe. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani kuniandaa. Nikamwambia mume wangu hajaniambia kitu. Mzee akashangaa, akasema atasema kanisani, ndiyo maana ya siku yenyewe. Nikapata matumaini. Nilifua kitambaa changu cha kichwa, nikakipiga pasi.

Siku ilipofika mchungaji alimwuliza: je, unakiri kwamba umetenda dhambi mbele za Mungu na kuuchukiza usharika wake? Mume wangu akasema, "Nakiri." Je, unatubu kwa moyo? Akasema, "Natubu." Alitazama ukuta, juu ya kichwa cha mchungaji. Nilisubiri. Nilidhani sasa ataambiwa, geuka, mwambie mkeo. Badala yake mchungaji akanigeukia mimi, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza kama nimemsamehe mwenzangu.

Nikatazama mabenchi ya wanawake, na wote wa redio walikuwepo. Jirani yangu, yule aliyesema mke wa karani amejiuza kama mchicha, alikuwa ananitikisia kichwa: sema, sema. Macho yake yamejaa machozi. Wenzake wote wanatikisa, kana kwamba kinanda kimeshaanza kupanda na mimi ndiye ninayekichelewesha. Pembeni yao binti yangu alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo kifuani kwa mikono miwili.

Nikasema, "Nimemsamehe."

Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wakalia. Wanawake walinikumbatia mlangoni mmoja mmoja. Jirani yangu akaniambia nimekuwa mkubwa, nami nikamwuliza polepole kama bei ya mchicha imepanda. Hakunielewa, au alijifanya. Tulipika wali na kuku, wazee wakala kwetu, wakasali, wakaondoka jua lingali juu.

Bado nilidhani kuna njia. Watoto walikuwa wamewasindikiza wageni. Nilitoa vigoda viwili nikaviweka uani, na kati yake nikaweka stuli yenye kikombe cha bati kilichojaa maji ya mtungini. Nilimwita, akaja, akakaa. Alikuwa amelegea, mwenye furaha, ameshalegeza tai.

Nikamwambia, "Baba watoto, sasa tuko wawili. Sema yako, na mimi nitasema yangu."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Niseme nini tena, mama watoto? Si yamekwisha kule?"

"Yamekwisha ya kanisa. Mimi hujaniambia."

Alihema. Akaangalia kuku, akaangalia bomba la mvua, akaangalia mikono yake. Niliona kabisa kwamba maneno yalimfika kooni, sikuota, koo lake lilipanda na kushuka. Nikavuta pumzi nikangoja. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa. Alikunywa mpaka mwisho, wali ule ulikuwa na chumvi, akafuta masharubu kwa kiganja, akakirudisha kikombe juu ya stuli.

"Ahsante," akasema. "Maji yako huwa ya baridi siku zote."

Sikumkumbusha kuwa nilimweleza wakati wa uchumba. Mtu huwezi kumwomba mwenzio akutapikie maji aliyokwisha kunywa. Nilichukua kikombe nikakiosha.

Tukaishi. Siku ya kipaimara alisogea mbele na binti yetu, suti imekaa vizuri, na watu walisema nyumba yetu imepona. Aliendelea na lori. Vitunguu viliacha kuja, nikawa nanunua sokoni kama watu wengine, na sikujua kama ameacha mwanamke au ameacha vitunguu. Kumwuliza nisingeweza, maana nilikwisha kusema nimesamehe, na aliyesamehe akiuliza huonekana mwongo. Hilo ndilo walilonifunga nalo siku ile, wala hawakukusudia. Yule mtoto nilimfikiria wakati wa baridi, kisha nikakumbuka kwamba huko kwao hakuna baridi.

Mchezo wa redio uliendelea na wanawake waliendelea kuja. Nilikuwa nimepunguza kusema. Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata ukaja mchezo mwingine, wa mwalimu aliyeweka nyumba ya pili kwenye kijiji alichohamishiwa. Siku moja mume wangu alikuwepo, lori liko matengenezoni Mafinga. Alikaa kwenye kiti karibu na redio, nasi tukakaa mkekani na mahindi yetu.

Mwalimu yule wa redio alirudi kwa mkewe. Nilitegemea kinanda. Hakikupigwa. Mwalimu akaanza kusema, polepole, bila kulia: alimtaja mwanamke yule, alitaja watoto, alitaja ile siku mkewe alipokuwa hospitali na yeye akasema yuko kwenye mkutano, alitaja uongo wake mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeshusha mizigo. Tuliacha kupukuchua. Katika miaka yote ya redio ile sikuwahi kusikia mwanamume akisema hivyo, na sikusikia tena. Hata jirani yangu hakuwa na hukumu. Nikaona mikono yangu imeshika gunzi tupu.

Nikasikia mtu anavuta kamasi. Nikageuka. Mume wangu alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanateremka waziwazi mbele za wanawake, na hakuyaficha.

"Masikini, mama wa watu," akasema, akiitazama redio. "Mtu kutendewa vile na mumewe mwenyewe. Na amevumilia."

Wanawake walinitazama, kisha wakatazama mahindi. Mmoja akakohoa. Yeye hakuona kitu. Alimlilia mwanamke yule kwa dhati, na nina hakika kama mwanamke yule angetoka ndani ya redio angempa kiti. Ndipo nilipojua kwamba hakuna cha kusubiri. Moyo wa huruma alikuwa nao, mkubwa tu, lakini mimi sikuwa ndani ya mchezo.

Niliinuka kama mtu anayekwenda kuangalia sufuria. Nikachota maji mtungini kwa kikombe kile kile, nikazunguka nyuma ya kibanda cha kuku. Maji ya kwetu ni ya watu wawili, hilo nalijua, lakini nilifikiri Mungu anaweza kuniruhusu nipulize yangu peke yangu, angalau nilale. Nikasema yote kwa sauti ya chini: basi, sweta, uso wa yule mama, breki za Kitonga, benchi la wanawake, kikombe. Nilisema mpaka yakaisha. Nikajaza maji kinywani, mashavu yakavimba, nikainama.

"Mama watoto," akaita kutoka ndani.

Wageni walikuwepo. Kwetu na kwao, mwanamke akiitwa na mumewe mbele ya watu haachi kuitika, na sikuwa na moyo wa kupuliza huku sauti yake iko sikioni, ile ile, ya upole, yenye machozi ya mtu mwingine. Akaita mara ya pili. Nikayameza yote.

"Abee," nikaitika.

Alitaka kujua kama betri nyingine nilizianika, maana sauti ilikuwa inafifia na mchezo haujaisha.